Kumpeleka mzee Bandon: upepo, magoti, na kiwanja kisichouliza kadi ya uanachama

Swali: Ninaishi Tacoma, jimbo la Washington. Baba yangu ana miaka 67 na anakuja kutoka Nyeri mwakani, mwezi wa saba, kukaa nami wiki sita. Utotoni alikuwa kedi, mbeba mabegi ya wachezaji, akajifunza kucheza kwa fimbo za kuazima, na mpaka leo Jumamosi haimpiti. Mimi nimeanza gofu mwaka jana tu. Nimeona picha za Bandon Dunes kule Oregon, viwanja vilivyo juu ya majabali ya bahari, nikasema lazima mzee apaone. Ila nina hofu tatu: kama watu wa kawaida kama sisi tunaruhusiwa, kama magoti yake yatahimili maana nasikia hakuna vigari, na gharama. Nipangeje?

Jibu: Dada yangu, nianze na hofu ya kwanza, kwa sababu naijua ilikotoka. Sisi tuliokulia Kenya tunaijua gofu kama mchezo wenye geti. Mimi nilijifunza kushika fimbo Mombasa, kwenye kile kiwanja cha mashimo tisa kilicho juu ya majabali ya Mama Ngina, unapocheza huku meli zikiingia Kilindini chini yako. Mtoto wa mtaani alilifahamu geti lile vizuri: unaingia na begi la mtu begani, hurudi ndani bila begi. Baba yako amepitia hayo hayo Nyeri, na bila shaka wewe umeirithi hofu hiyo bila hata kuambiwa.

Bandon haina wanachama. Hakuna kadi, hakuna mtu wa kukudhamini. Mike Keiser, mfanyabiashara wa Chicago aliyepata utajiri wake kwa kadi za salamu zilizochapwa kwenye karatasi iliyotumika upya, alifungua kiwanja cha kwanza mwezi Mei 1999 akiwa ameshaamua kwamba yeyote anayelipa ada ya siku atacheza. Ni mali ya mtu binafsi, lakini mlango ni wa umma. Na uwazi huo haukukishusha hadhi: mwaka 2020 mashindano ya U.S. Amateur, ya wachezaji wasiolipwa, yalichezwa hapo. Baba yako atasimama pale pale walipopangia mipira yao wale vijana, kwa haki ile ile ya mtu aliyelipa.

Jambo jingine ambalo nadhani mzee atalipenda. Aliyechora kiwanja hicho cha kwanza ni David McLay Kidd, Mskoti ambaye hakuwa amefika miaka 30 alipopewa kazi hiyo. Baba yake, Jimmy Kidd, alikuwa msimamizi wa nyasi kule Gleneagles, Scotland. Kwa hiyo kiwanja kilichobadilisha fikra za Wamarekani kuhusu gofu kilichorwa na mtoto wa mtunza nyasi. Mwambie mzee hilo mkiwa njiani.

Sasa tuje kwenye upepo, maana safari nzima ya majabalini hupangwa kwa kuutazama wenyewe. Watu wengi huanza na jina la kiwanja na picha. Anza na upepo. Sisi wa Pwani tuna kaskazi na kusi, kila mmoja na miezi yake, na mvuvi hatoki bila kujua ni zamu ya nani. Oregon nao wana zamu zao. Kiangazi, hewa nzito hukaa juu ya Pasifiki huku bara likipata joto, basi upepo unashuka kutoka kaskazini sambamba na ufuko. Asubuhi mara nyingi ni shwari, pengine na ukungu. Kufika saa nane mchana unakuwa umeshika kasi, na kilomita 30 au 40 kwa saa ni jambo la kawaida. Majira ya baridi unageuka, unatoka kusini na kusini-magharibi pamoja na mvua. Viwanja vyenyewe vimelala kando ya bahari, kwa hiyo mashimo mengi yanakupa upepo usoni au mgongoni.

Tarehe zako za Julai, basi, zina sura mbili. Upande mmoja, ni siku ndefu: jua linazama kama saa tatu usiku, mvua ni chache, na joto la mchana halizidi sana nyuzi 18. Upande wa pili, ni mwezi wenye upepo mkali wa mchana, bei ya juu, na nafasi chache kuliko yote. Kama tiketi ya mzee haijakatwa, mimi ningesogeza aje mwisho wa Agosti, mwende Bandon katikati ya Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Bei bado iko juu, lakini upepo hupoa na hewa husafika. Kama ni lazima iwe Julai, shikilia jambo moja: mzunguko mkubwa, yaani wa mashimo 18, muanze saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, na mchana mcheze mashimo mafupi.

Baba yako atashangaa pia kwa namna mpira utakavyoruka, na ni vyema ajue mapema asije akadhani uzee umemwingia ghafla. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni nyepesi, mpira hauna wa kuushika. Bandon iko baharini, hewa ni nzito na ya baridi. Mkwaju unaompa mita 150 Nyeri unaweza kumpa 135 au 140 huku, hata kabla upepo haujasema lolote. Upepo wa usoni ukija, achukue fimbo ya mbali zaidi kwa namba mbili, pengine tatu, na apige kwa upole. Ukipiga kwa nguvu unaupa mpira mzunguko mwingi. Unapanda, upepo unausimamisha hewani, unaanguka karibu na miguu yako. Kwa mtu aliyezoea kucheza kwa nguvu hili ni gumu kulikubali. Mfanyie mazoezi wiki moja kabla kwenye kiwanja chochote cha Tacoma: fimbo kubwa, mkono wa taratibu, mpira chini.

Halafu nyasi. Kule nyumbani mzee amezoea kikuyu, ile nyasi ya nyanda zetu za juu inayotambaa na kushika mpira kama kiganja. (Imesafiri dunia nzima, hata Torrey Pines, kiwanja cha manispaa ya San Diego kilicho juu ya majabali ya California, wachezaji wa mashindano makubwa ya U.S. Open wameumia nayo.) Ukiwa kwenye kikuyu, mpira lazima uuinue, upite hewani, utue. Bandon wamepanda nyasi nyembamba ngumu aina ya feskyu juu ya mchanga mtupu. Maji hayatuami, ardhi ni kavu chini ya kiatu, mpira ukitua unakimbia. Ukiwa mita 30 nje ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo, chukua fimbo ya kusukumia na uuviringishe tu mpira kwenye mabonde na vituta mpaka shimoni. Nimewaona wazee wengi wakifurahia hili kuliko kitu kingine chochote: kijana anarusha mpira wake juu na upepo unauchukua, mzee anausukuma chini kwa chini na unalala mita moja na shimo.

Kuna viwanja vitano kamili vya mashimo 18. Sitavieleza vyote, kwa sababu hamtavicheza vyote, na haifai mjaribu. Bandon Trails (2005) ni kizuri sana, lakini kipo zaidi ndani ya msitu na vilima vya mchanga, na ndicho kinachochosha miguu kuliko vingine. Kiacheni. Old Macdonald (2010) kina uwanda mpana na grini kubwa mno, kinamfaa anayeanza kama wewe, ila bahari mnaiona kwa vipindi. Pacific Dunes (2001), kazi ya mchoraji viwanja Tom Doak, ndicho ambacho wajuzi wengi hukiweka juu, na sibishani nao. Sheep Ranch (2020) kimekaa ukingoni kabisa. Grini tisa ziko mdomoni mwa jabali na hakuna hata bunka moja, yale mashimo ya mchanga ya kutegea mpira, maana upepo wa pale ungeupeperusha mchanga wote. Siku ya utulivu ni pepo. Siku ya upepo wa Julai ni kazi ngumu kwa mtu wa miaka 67.

Mimi ningewapeleka kwenye kile cha kwanza chenyewe, Bandon Dunes. Sababu yangu ni shimo la nne. Mashimo matatu ya mwanzo yanakuonjesha bahari kwa mbali. La nne unapiga mkwaju wako wa kwanza kwenye bonde, vilima vya mchanga huku na huku, huoni mwisho. Unatembea, unafuata kona, na ghafla vilima vinafunguka: grini iko pale mbele, na nyuma yake hakuna kitu ila Pasifiki. Hakuna ua, hakuna nyumba, hakuna mstari wa miti. Mara ya kwanza nilipofika kwenye ile kona nilisimama na begi langu begani nikasahau nilikuwa na mkwaju wa kupiga. Shimo la tano linaondoka hapo hapo likienda kaskazini, bahari ikiwa kushoto kwako njia nzima, upepo wa kiangazi usoni. Na la 16, mnapokuwa mmechoka, linawarudisha tena ukingoni. Kiwanja kinajua kugawa uhondo wake. Kwa mtu atakayepaona mara moja maishani, mpangilio huo una maana kuliko orodha yoyote ya ubora.

Magoti. Umesikia sawasawa: huko ni kutembea, vigari hutolewa kwa mtu mwenye ulemavu tu, na hilo hupangwa mapema kwa simu. Mzunguko mmoja ni kama kilomita 10 ukihesabu kwenda na kurudi kutafuta mipira. Mzee anayecheza kila Jumamosi Nyeri, kwenye vilima vile, kwa miguu, hana tatizo na mzunguko mmoja. Tatizo ni mizunguko miwili. Safari yangu ya kwanza tulikwenda wanne, tukapanga mizunguko miwili kila siku kwa siku tatu kwa sababu tuliona tumelipia safari ndefu. Siku ya pili jioni mwenzetu mmoja, mwanamume wa miaka 50 tu, alishuka ngazi za chumbani kinyumenyume akishikilia ukuta. Siku ya tatu alikaa garini. Usimfanyie baba yako hivyo. Mzunguko mmoja mkubwa kwa siku, basi.

Na mchukulieni kedi. Hapa najua utapata upinzani. Mtu aliyebeba mabegi ya wengine utotoni mara nyingi hapendi kubebewa. Ataona unatupa pesa, au ataona haya. Mimi pia nilikataa mara ya kwanza. Lakini kedi wa Bandon ni mtu mwenye ujuzi wake: anajua upepo wa saa mbili unakuwaje saa nne, anajua kituta kipi kitaupeleka mpira kushoto ingawa macho yanakwambia kulia. Bila yeye mtapoteza nusu ya raha mkikisia. Mwambie mzee kwamba anakwenda kuongea na mwenzake wa kazi, jambo ambalo ni kweli. Kedi mmoja anatosha: abebe begi la mzee na awasomee grini wote wawili, wewe usukume lako kwa kitoroli. Vitoroli vya kusukuma vipo. Malipo ni mkononi mwake, fedha taslimu, zaidi ya dola 100 kwa begi pamoja na bakshishi, kwa hiyo pitieni benki kabla hamjaondoka Tacoma.

Mpangilio wangu ungekuwa huu. Mpe mzee walau wiki nzima nyumbani kwako kwanza. Tofauti ya saa kumi kati ya Kenya na huku kiangazi si mchezo, na mtu anayeamka saa nane usiku hawezi kufurahia chochote. Ondokeni Tacoma Jumapili alfajiri. Ni mwendo wa saa saba hivi: barabara kuu ya I-5 kusini kupita Portland na Eugene, kisha mkate kulia kwenye barabara namba 38 inayofuata mto Umpqua hadi Reedsport. Kabla ya Reedsport, pale Dean Creek, punguzeni mwendo. Kuna uwanda wa nyasi wanapolisha elki wa mwituni, wanyama wakubwa kama pofu wetu, na mara nyingi wanaonekana kutoka barabarani. Mkishika barabara namba 101 kusini mnapita Coos Bay, na viwanja viko kabla tu ya mji wa Bandon.

Jioni ya Jumapili msicheze mzunguko. Nendeni Punchbowl, uwanja mkubwa wa kusukumia mpira tu, uliojaa mabonde, ambao wageni wanaolala pale huingia bila malipo. Hapo wewe na mzee mko sawasawa. Hakuna nguvu inayohitajika. Jumatatu asubuhi mapema, Bandon Dunes na kedi. Mchana, mzee alale. Jumanne asubuhi, Bandon Preserve: mashimo 13 mafupi, ya mkwaju mmoja tu kufika grini ukiupiga vizuri, yanayoteremka kuelekea baharini. Faida yake inakwenda kwenye hifadhi ya pwani na mito ya kusini mwa Oregon. Kwako wewe unayeanza, hapa ndipo utakapocheza vizuri kuliko popote. Mchana mrudi nyumbani, au kama miguu ya mzee bado inadai, waulizeni kama kuna nafasi ya alasiri Pacific Dunes.

Kuhusu gharama sitakuficha: si safari ya bei rahisi. Ada ya kiangazi kwa mzunguko mmoja ni mamia ya dola kwa mtu, na anayelala pale hulipa pungufu ya anayekuja kwa siku. Majira ya baridi bei inashuka sana, lakini sitamshauri mtu ampeleke baba yake kwenye mvua ya Desemba kwa ajili ya kuokoa pesa. Mahali pa kuokoa ni pengine. Preserve ni nafuu mno kuliko viwanja vikubwa na bahari ni ile ile. Mji wa Bandon, dakika kumi hivi kwa gari, una vyumba vya bei ya kawaida. Hesabu zote mbili, kulala mjini na ada ya mgeni wa siku, dhidi ya kulala pale na ada pungufu, kwa sababu tofauti mara nyingine ni ndogo kuliko unavyodhani. Na mzunguko mmoja mkubwa badala ya mitatu ni punguzo kubwa kuliko lolote utakalopewa.

Ila piga simu sasa, hata kama ni mwakani. Nafasi za Julai hujaa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Usitegemee kalenda ya mtandaoni peke yake. Zungumza na mtu, mpe wiki tatu tofauti zinazokufaa, mwambie mko wawili tu na mnaweza kuja Jumapili hadi Jumanne. Wawili hupenya pale ambapo kundi la wanane haliwezi. Wakikwambia pamejaa, omba uwekwe kwenye orodha ya kusubiri, kisha upige tena baada ya wiki chache. Watu huahirisha.

Mavazi: baridi ya Julai mzee anaijua, Nyeri ina yake, lakini ya kwao haina upepo huu. Fulana, sweta jepesi, na koti lisilopitisha maji juu yake, ili avue na kuvaa kadiri ukungu unavyoondoka. Kofia ya sufu. Soksi jozi mbili kwenye begi. Mwavuli uacheni nyumbani. Viatu viwe vile alivyokwisha kuvitembelea. Usimnunulie vipya wiki ya safari kwa upendo, vitamtoa malengelenge kwenye shimo la saba.

Mawili ya usalama. Mtaona vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano. Mwairishi aliyeupa mji jina la kwao, George Bennett, alivileta karne ya 19, vikasambaa, na kwa kuwa vina mafuta ndani yake vilichangia moto wa Septemba 1936 ulioteketeza karibu mji wote. Mpira ukiingia humo, umekwenda, msiufuate. Na ukingo wa jabali msiusogelee kwa ajili ya mpira wala picha. Ni mteremko wa kama mita 30, na ardhi ya majabali haya hubomoka kutoka chini, usikokuona. Huko California mwaka 1999, kwenye kiwanja cha Ocean Trails, sehemu ya shimo la 18 iliporomoka kuelekea baharini kabla hata hakijaanza kuchezwa chote. Piga picha ya mzee akiwa katikati ya grini ya nne, bahari nyuma yake, inatosha.

Utakapopiga simu kuomba kedi, waambie ni kwa ajili ya mzee aliyeanza kama kedi huko Kenya akiwa mtoto. Msimamizi wa makedi ndiye anayepanga nani atoke na nani, na nimeshaona wakimtafutia mgeni wa namna hiyo mtu mzima mwenzake, aliyebeba mabegi miaka mingi. Kilomita kumi ni safari ndefu, na watakuwa na mengi ya kuulizana.